Harvey, Gill, Foucault au Amin: nadharia ipi ya kuandikia juu ya Lubumbashi?

Mwanafunzi mmoja alinijia nyumbani, Kampemba, hapa Lubumbashi, na mpango wa mémoire yake, ile tasnifu ya kumalizia chuo, kurasa tatu zilizopigwa vizuri. Mada ilikuwa uliberali mamboleo, yaani ile siasa ya kuliachia soko na makampuni binafsi uchumi na kuipunguza serikali, na madini ya Katanga. Kwenye sehemu ya nadharia alikuwa amewapanga Marx, Gramsci, Polanyi, Foucault, Samir Amin na David Harvey, kila mmoja na aya yake, kama wageni wa harusi walioketishwa mstari mmoja. Nikamwuliza ni nani kati yao atakayefanya kazi. Akafikiri kidogo, akanijibu: "Wote, Papa. Si wote wanaupinga?"

Ni kweli, wote wanaupinga. Ila hawapingi kitu kimoja. Mmoja anaona mali ya wengi ikipokonywa. Wa pili anaona sheria iliyotiwa kufuli ili wapiga kura wasiiguse. Wa tatu anaona mtu aliyefundishwa kujitazama kama duka. Wa nne anaona mnyororo uleule wa zamani wa kuchimba hapa na kutajirika kwingine. Ukiwachukua wote pamoja, utafika mbele ya jury, jopo la walimu wanaokupima, na kazi inayolaani sana na kueleza kidogo. Nimesoma kazi nyingi za namna hiyo, na zinaniuma, kwa sababu waandishi wake ni vijana wenye akili waliokaa juu ya habari ambazo mtafiti wa Ulaya angepanda ndege kuzifuata.

Neno lenyewe kwanza: nadharia hakiki. Max Horkheimer, wa ile taasisi ya utafiti wa jamii ya Frankfurt, Ujerumani, ndiye aliyeitenganisha mwaka 1937 nadharia ya kawaida na nadharia hakiki. Mwaka 1981 Robert Cox, Mkanada aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika Shirika la Kazi Duniani, aliileta tofauti hiyo kwenye masomo ya uhusiano wa kimataifa. Kuna nadharia inayoikubali dunia ilivyo na kutafuta namna ya kuziba matundu yake. Kuna nyingine inayouliza dunia hii ilijengwaje, nani anafaidika nayo, na inaweza kubadilikia wapi. Ripoti ya Benki ya Dunia inayouliza kampuni ya madini ipunguze wafanyakazi wangapi ili ipate faida iko upande wa kwanza. Wote ninaowalinganisha hapa wako upande wa pili.

Na uliberali mamboleo? Mawazo yake yalikusanyika Mont Pèlerin, Uswisi, mwaka 1947, wanauchumi Hayek na Friedman (huyu wa Chuo Kikuu cha Chicago) wakiwemo. Yalipata nchi ya kujaribiwa huko Chile baada ya mapinduzi ya 1973, yakapata serikali kubwa kwa Thatcher mwaka 1979 na Reagan mwaka 1981, kisha yakatufikia sisi kwa njia ya deni. Septemba 1983, chini ya mpango wa Shirika la Fedha la Kimataifa, sarafu ya Zaire, Congo ya leo, ilishushwa thamani kwa zaidi ya robo tatu. Wazazi wetu hawakusoma neno hilo kwenye kitabu. Waliliona sokoni.

Ili kuwapima hawa wanadharia, nawapa wote tukio moja: départ volontaire, kuondoka kazini "kwa hiari", ya 2003 na 2004 katika Gécamines, kampuni ya madini ya serikali.

Vijana wengi leo wanaijua Gécamines kama bomba refu la moshi na kile kilima cheusi cha mabaki kinachoonekana kutoka kila pembe ya mji. Lakini ilikuwa nchi ndani ya nchi. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, ilianzishwa mwaka 1906, serikali ikaitwaa mwaka 1967, ndiyo ikawa Gécamines, na kufika katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mfanyakazi alipewa nyumba, hospitali, shule ya watoto, na posho ya unga. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, uporaji ukaja mwaka 1991, ndugu zetu wa Kasai wakafukuzwa mwaka 1992 na 1993 pamoja na ufundi wao, na vita vikafuata. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 30,000, na mishahara ilikuwa inasubiriwa miezi na miezi. Sheria mpya ya madini ikatangazwa Julai 2002. Baada yake, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa malipo ya mkupuo, wakatia sahihi, wakaondoka. Kwa hiari, ndivyo karatasi zilivyosema.

Harvey

David Harvey, mwanajiografia Mwingereza, ndiye anayekuja haraka kwenye akili ya mwanafunzi, na kuna sababu. Wazo lake la ulimbikizaji kwa kupokonya, alilolitoa mwaka 2003, linatokana na Marx na Rosa Luxemburg. Marx alieleza jinsi ubepari ulivyoanza kwa kuwanyang'anya wakulima ardhi. Luxemburg, mwaka 1913, akasema unyang'anyi huo hauishi, kwa sababu mtaji kila mara unahitaji kitu kilicho nje yake cha kumeza. Harvey anasema mashirika ya umma yaliyojengwa karne ya ishirini ndiyo yamekuwa chakula kipya: yanafilisika au kufilisishwa, bei yake inashuka, kisha yananunuliwa kwa bei ya chini.

Weka hilo juu ya Katanga uone linavyokaa. Migodi bora ya Gécamines ilipita kwenye ubia na makampuni ya nje wakati kampuni ilikuwa haina nguvu hata ya kulipa mshahara. Kisha bei ya shaba ikapanda. Mfanyakazi aliyeondoka hakutoka na sehemu yoyote ya mgodi alioulisha ujana wake, na mchimbaji wa mikono aliyemfuata anafukuzwa kwenye konsesheni, eneo lililopewa kampuni kuchimba, kama mwizi. Kama swali lako ni nani alikuwa nacho na sasa nani anacho, Harvey hana mpinzani.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, anakufanya uone mkono wa nje kila mahali. Gécamines haikuuawa na soko huria peke yake: utawala wa Mobutu ulikuwa umeikamua miaka mingi kabla, bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, na zairianisation ya Novemba 1973, biashara za wageni zilipotwaliwa na kupewa Wazaire, ilivunja biashara bila mchumi yeyote wa Chicago kuiagiza. Ukiandika kana kwamba hadithi inaanza mwaka 2002, jury itakukamata, na itakuwa na haki.

Pili, nenda kamuulize mzee aliyeondoka wakati ule: je, walikupokonya? Wengi watakujibu kwanza, "Nilitia sahihi." Wanalisema kwa uzito, na wengine wanainamisha kichwa. Neno la Harvey halifiki hapo.

Gramsci na waliomfuata

Hapo ndipo pa Antonio Gramsci, Mtaliano aliyekamatwa na serikali ya Mussolini mwaka 1926 akaandika daftari zake gerezani. Alijiuliza kwa nini watu wanaukubali mpangilio unaowaumiza, na jibu lake ni kwamba tabaka linalotawala linaongoza pia mawazo, hadi maslahi yake yanaonekana kuwa akili ya kawaida ya kila mtu. Kwa tukio letu: miezi mingi bila mshahara, watoto wamerudishwa kutoka shule, kisha mtu anaweka dola mezani. Hiari ilitengenezwa. Namna ilivyotengenezwa ndiyo utafiti.

Lakini kama una moyo wa sheria, mtu wako ni Stephen Gill, msomi wa siasa na uchumi wa dunia aliyemfuata Gramsci. Katika miaka ya 1990 alilieleza jambo aliloliita ukatiba mpya: uliberali mamboleo haupendi kutegemea serikali iliyopo madarakani leo, kwa hiyo unaandikwa ndani ya mikataba, benki kuu huru, na sheria ambazo Bunge la kesho litashindwa kuzigusa. Nikisoma sheria yetu ya madini ya 2002 nikiwa na Gill mkononi, naona kila kitu mahali pake. Ilitungwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, na ndani yake kulikuwa na kinga: serikali ikibadilisha kodi, mwenye kibali anaendelea na masharti ya zamani miaka 10. Fikiria maana yake. Watoto waliozaliwa siku Bunge linapiga kura ya kubadilisha kodi wangefika darasa la nne, na kura hiyo ingekuwa bado haina nguvu juu ya mgodi ulio nyuma ya nyumba yao.

Na Gill anasaidia hata pale kufuli lilipovunjwa. Machi 2018 wakuu wa makampuni makubwa walikwenda Kinshasa kumwona Rais Joseph Kabila ili asitie sahihi marekebisho. Alitia, tarehe 9. Hisa ya bure ya serikali katika kampuni mpya ikatoka asilimia 5 hadi 10, mrabaha wa shaba ukatoka asilimia 2 hadi 3.5, kobalti ikaitwa madini ya kimkakati na kutozwa asilimia 10, na makampuni yakatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa jamii zinazozunguka mgodi. Kufuli lenye funguo mbili linaweza kufunguliwa kama mwenye ufunguo mmoja amepata ujasiri, au amepata mteja mwingine. Hilo la mteja mwingine si dogo: tangu mkataba wa Sicomines, ubia wa madini na makampuni ya China, Washington na Brussels hazikuwa tena milango pekee. Ingawa hata mkataba huo, mwaka 2009, ulipunguzwa kutoka dola bilioni 9 hadi 6 baada ya Shirika la Fedha la Kimataifa kushinikiza, Congo ikiwa inangojea kusamehewa madeni. Msamaha ulikuja Julai 2010.

Kwa maoni yangu hii ndiyo nadharia inayotumiwa kidogo kuliko inavyostahili hapa kwetu. Wanafunzi wa sheria wanaogopa nadharia, wale wa sayansi ya siasa wanaogopa kusoma vifungu, na katikati hakuna mtu. Ushahidi wake umechapishwa: sheria mbili, mikataba, barua za serikali kwa Shirika la Fedha. Hauhitaji nauli ya kwenda kwenye migodi ya Kolwezi.

Foucault

Michel Foucault, mwanafalsafa Mfaransa, alifundisha juu ya uliberali mamboleo mwanzoni mwa 1979, Paris, kabla Thatcher hajaingia madarakani. Hakuuona kama wizi wala kama kufuli. Aliuona kama namna ya kuongoza watu kwa kuwafanya kila mmoja awe mjasiriamali wa nafsi yake: elimu yako ni mtaji, afya yako ni mtaji, ukianguka ulikosea hesabu.

Kuna mzee mmoja aliyenunua mashine ya kusaga mahindi kwa fedha zake za kuacha kazi. Alikuwa na daftari la shule lenye mistari ya bluu, na kila jioni aliandika kilichoingia na kilichotoka. Siku moja alinionyesha. Mafuta ya mashine, mkanda, malipo ya kijana wa kubeba magunia. Na kila mwisho wa wiki, mstari mmoja: unga uliochukuliwa kwenda kwake nyumbani, na mbele yake ameandika kwa mkono ulionyooka, "posho." Alikuwa amejigawia posho mwenyewe. Yeye ndiye kampuni, yeye ndiye mfanyakazi.

Daftari lile linampa Foucault haki na linamkosoa papo hapo. Ni kweli mtu alikuwa amefanywa biashara. Lakini ndani ya biashara hiyo iliishi lugha ya kampuni-mzazi, ile ambayo mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu aliieleza alipoandika juu ya bana Shaba, watoto wa Shaba (jina la zamani la Katanga), walioachwa na baba yao. Foucault alikuwa akisoma Ujerumani na Marekani. Hapa kwetu "jitegemee" haikuanza na walimu wa ujasiriamali. Tunayo Article 15, isiyoandikwa katika katiba yoyote inayotumika na inayojulikana na kila mtoto: débrouillez-vous, jitafutieni wenyewe. Kwa hiyo ukimchagua Foucault, lazima uonyeshe kwamba creuseur, mchimbaji wa mikono, au muuza mafuta unayemhoji anajitazama tofauti na alivyojitazama mtu wa 1985, au ukubali kwamba anatafuta chakula tu kama watu walivyotafuta siku zote. Bila hilo, kila mwenye meza barabarani atakuwa somo la uliberali mamboleo, na neno litakosa maana.

Mchague kama una sikio zuri na subira ya mahojiano marefu, na kama unaweza kupata karatasi za mafunzo waliyopewa walioondoka, au mahubiri ya makanisa yanayofundisha mafanikio. Usimchague kwa sababu jina lake linapendeza.

Amin

Samir Amin, mwanauchumi aliyezaliwa Cairo mwaka 1931 na kufanya kazi miaka mingi Dakar, angemwambia mwanafunzi wangu kwamba amekosea tarehe. Kwake uliberali mamboleo ni kipindi kimoja cha jambo refu: kitovu na pembezoni. Shaba ya Union Minière ilikwenda kusafishwa Hoboken na Olen, Ubelgiji. Kobalti ya leo inaondoka kama hidroksidi, na nyingi inasafishwa China. Mwenye kiwanda amebadilika, barabara ya lori ni ileile. Na mji huu wenye shaba yote hii unangojea unga wa mahindi kutoka Zambia. Mpaka ukifungwa kidogo, bei ya meka, kopo la kupimia unga, inapanda siku hiyohiyo. Hakuna takwimu inayoeleza uchumi wa pembezoni vizuri kuliko hilo.

Amin anakupa pia swali la mbele, kwa neno lake la kujitoa: nchi ipange uhusiano wake na nje kulingana na mahitaji ya ndani. Februari 2025 serikali ilisimamisha kusafirisha kobalti nje, na kutoka Oktoba ikaweka mgawo kwa makampuni. Nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia ilijaribu kuishika bei. Je, huko ni kujitoa, au ni kupanga foleni vizuri zaidi kwenye soko lilelile? Hiyo ni mémoire nzima.

Ila kwa départ volontaire Amin hana mengi. Anaona mabara na haoni jikoni. Polanyi, ambaye mwaka 1944 aliandika kwamba kazi, ardhi na pesa si bidhaa za kweli na kwamba jamii itajitetea zikifanywa bidhaa, angesaidia zaidi hapo, mradi usigeuze kampuni ya zamani kuwa paradiso. Jamii ile ya posho ndiyo iliyowapiga risasi wafanyakazi waliogoma katika mji huuhuu, Desemba 1941, kiongozi wao Léonard Mpoyi akiwa miongoni mwa waliouawa.

Yule asiyekuwemo kwenye mpango

Mwanafunzi wangu alikuwa na wanaume sita. Nikamwuliza: mshahara ulipokatika, nyumba zilikulaje? Akajibu bila kufikiri: "Mama."

Silvia Federici, msomi Mtaliano mtetezi wa wanawake, alifundisha Port Harcourt, Nigeria, katikati ya miaka ya 1980, wakati marekebisho ya uchumi yakijadiliwa huko, na yale aliyoyaona yaliingia katika hoja yake: mtaji unasimama juu ya kazi isiyolipwa ya kupika, kulea, kuuguza, na kila serikali ikikata matumizi, kazi hiyo inashuka juu ya wanawake. Kampuni ya zamani ilimtaka mke wa mfanyakazi abaki kambini, apokee posho, aende kwenye mafunzo ya kushona na usafi. Mfumo ulipoanguka, huyo huyo ndiye aliyebeba beseni kwenda soko la Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi.

Namfahamu mama wa Katuba, mtaa mwingine wa mji huu, anayeuza unga tangu wakati ule. Ana meka mbili za bati, moja imebonyea kidogo upande mmoja. Ya kubonyea haitumii kwa wateja, anasema ni dhambi. Anaitumia kupima wa nyumbani. Watoto wake wamesoma kwa meka hiyo. Hakuna ripoti ya kupunguza wafanyakazi iliyoandika kwamba gharama ya mageuzi itahamishiwa kwake, lakini ilihamishiwa kwake. Kama ningekuwa na miaka ishirini na mitano leo, hiki ndicho ningeandika, na kwa ushahidi: bajeti za nyumba kumi, wiki kwa wiki, na historia ya kila mama. Kazi kama hizo ni chache mno kulingana na uzito wa jambo.

Basi uchague vipi

Anza na kitu unachoweza kukishika. Ukiwa na mikataba na ramani za konsesheni, Harvey. Ukiwa na vifungu vya sheria, Gill. Mahojiano marefu juu ya watu wanavyojieleza yanamhitaji Foucault, pamoja na ule mtihani wa 1985. Takwimu za biashara ya nje, Amin. Ukiwa na jirani zako na ruhusa ya kuketi jikoni kwao, Federici.

Kuchanganya wawili kunawezekana. Harvey na Federici wanaelewana kwa sababu wote wametoka kwa Marx. Gill na Gramsci ni familia moja. Harvey na Foucault wanagombana kwenye msingi: mmoja anaamini kuna tabaka linalojua linachofanya, mwingine anakwepa kuuliza nani mwenye mamlaka na anauliza mamlaka yanafanyaje kazi. Ukiwaoanisha, eleza utawapatanishaje, tena mapema, ukurasa wa kumi usifike.

Yule kijana alirudi baada ya wiki mbili. Ukurasa mmoja, majina mawili tu, Gill na Federici, na swali limeandikwa kwa kalamu chini ya kichwa: kinga ya miaka 10 ilipewa makampuni, je, nyumba za walioondoka zilipewa kinga ya miaka mingapi? Nikamwambia aende Katuba kabla ya mvua kuanza, na achukue daftari kubwa.